Mbio Ndefu za Kupokezana

Jioni hii tumeombwa kusema nanyi habari za mbio ndefu za kupokezana, yaani mbio ambazo njia yake ni ndefu kupita nguvu za mtu mmoja, nayo hugawanywa vipande, kila mkimbiaji akachukua kipande chake na kumwachia mwenziwe kilichobaki. Hatusemi zile mbio fupi za kiwanjani, ambazo watu wanne huzunguka uwanja na kijiti mkononi, mambo yakaisha kabla mtazamaji hajakaa vizuri kitini. Twasema mbio za barabarani, za kilometa 40 au 50 au zaidi, ambazo huanza alfajiri katika mji mmoja na kwisha karibu na adhuhuri katika mji mwingine. Na kwa kuwa sisi ni walimu tukaao huku Tanga, njia tutakayoitaja sana ni ile ya pwani iendayo Pangani.

Neno la kwanza tulisikialo kila tuendapo katika shule za pwani ni hili, kwamba mbio ndefu si kazi ya watu wa pwani. Husemwa na wazazi, husemwa na watoto wenyewe, na mara nyingine, jambo la kusikitisha, husemwa na walimu. Nao wana ushahidi wao. Husema, mtazameni John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mtazameni Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Mtazameni Juma Ikangaa wa Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ni yupi kati yao aliyezaliwa akisikia mawimbi? Hoja hii ina kweli ndani yake. Katika nchi za juu hewa ni nyepesi, na mwili uliokulia huko hujizoeza kuitumia vema. Tena kuna baridi, na baridi ni rafiki wa mkimbiaji wa mbali. Sisi tuko usawa wa bahari, katika joto lenye unyevu, ambapo jasho hutoka lakini halikauki. Mtu akimbiaye kilometa 42 katika hewa ya Tanga hushindana na njia, na hewa nayo hushindana naye.

Lakini kilometa 5 je? Mtoto aliyezoea kwenda shule kwa miguu na kurudi, kumsaidia baba yake kuvuta nyavu, na kucheza mpira mchangani hata jua kuchwa, hawezi kushindwa na kilometa 5. Na watu kumi wa namna hiyo wamekwisha kupata kilometa 50, umbali ambao hata bingwa wa marathoni hauendei kwa mzaha. Hiyo ndiyo sababu yetu ya kuzipenda mbio hizi kuliko nyingine: zampa nafasi mtoto wa pwani katika jambo aliloambiwa si lake.

Wala tusidhani kwamba kupokezana njia ni jambo geni kwetu. Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini, na wapagazi walibeba mizigo ya frasila mbili kwa kila mtu. Hao, ni kweli, hawakupokezana. Kila mtu na mzigo wake mpaka mwisho wa safari, na ole wake aliyeugua. Lakini tarishi alikuwa mtu wa namna nyingine. Kabla ya magari kuenea, barua za bara zilibebwa na matarishi wa miguu, wakipeana mfuko wa barua kituo kwa kituo, mmoja akipumzika na mwingine akishika njia. Ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, mfuko ule ukapanda gari la moshi. Hata hivyo kazi ya tarishi yatufundisha jambo moja, nalo ni kwamba kilichotakiwa kufika ni barua, si tarishi. Tutalirudia neno hili mbele.

Ajabu ni kwamba katika Japani, nchi ambayo mbio hizi zimestawi kuliko mahali popote duniani, jina lake limetoka katika kazi hiyo hiyo. Zamani katika barabara zao kuu palikuwa na vituo, ambapo wajumbe na farasi walibadilishwa ili habari za serikali zisisimame. Na hata leo mbio ndefu za kupokezana wao huziita ekideni, jina lililoungwa kwa maneno mawili, moja la kituo na moja la kupeleka. Ekideni ya kwanza ilikimbiwa mwezi wa Aprili mwaka 1917, kutoka Kyoto hadi Tokyo, kilometa zipatazo 508, vipande 23, wakimbiaji wakipokezana usiku na mchana hata siku ya tatu. Aliyekimbia kipande cha mwisho kwa kikosi kilichoshinda aliitwa Shizo Kanakuri.

Mtu huyu yafaa ajulikane kwetu, kwa sababu alisoma chuo cha ualimu huko Tokyo, na kwa sababu alijua joto ni kitu gani. Mwaka 1912 alikuwa amepelekwa Stockholm kukimbia marathoni ya Olimpiki. Siku ile jua lilikuwa kali mno. Karibu nusu ya walioanza hawakumaliza, na Francisco Lázaro wa Ureno alianguka njiani, akafa siku iliyofuata. Kanakuri naye alizidiwa, akapokewa na watu waliokaa kando ya njia, wakamhudumia. Kisha akaondoka katika nchi ile bila kuwaarifu waamuzi, nao wakamwandika kuwa amepotea. Mwaka 1967, akiwa mzee wa miaka 75, Waswidi walimwalika aje amalize. Akaja, akakimbia hatua za mwisho, wakamtangazia muda wake: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20. Wanachuo wetu hucheka sana tuwasimuliapo habari hii, nasi hatuwakatazi. Kati ya safari zake mbili za Stockholm aliwafundisha vijana wa nchi yake kugawana njia. Mwaka 1920, akiwa miongoni mwa waanzilishi, zikaanza mbio za Hakone, za kutoka Tokyo kwenda milimani na kurudi. Vyuo vinne tu viliingia mwaka ule, na kilichoshinda kilikuwa ni chuo cha ualimu. Habari hiyo twaisimulia kila mwaka, pengine mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mbio za Hakone zingalipo. Hukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari, vipande 10, zaidi ya kilometa 200 kwa siku mbili, na watu hujipanga barabarani kuanzia mjini hadi milimani. Mkimbiaji hashiki kijiti, maana kijiti huteleza kwa jasho na kumchosha mtu mkono. Huvaa ukanda wa kitambaa begani wenye rangi ya chuo chake, naye akifika kituoni huuvua na kumpa mwenziwe. Ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki wameuvaa ukanda huo. Joseph Otwori, Mkenya aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, aliukimbiza katika Hakone mwaka 1989, na chuo kile kikapata ushindi wake wa kwanza mwaka 1992. Samuel Wanjiru naye alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa kijana wa shule, akakulia katika ekideni huko Sendai. Na mwaka 2008, katika joto la Beijing, akashinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, Mkenya wa kwanza kuipata medali ya dhahabu katika mbio hizo.

Kwetu Tanzania hapana asiyejua Mwenge wa Uhuru, uliowekwa juu ya Kilimanjaro na Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ambao mbio zake zilianza mwaka 1964. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya njia yake hupitwa kwa gari. Lakini kiini cha jambo ni kupokezana, wilaya ikiikabidhi wilaya na mkoa ukiukabidhi mkoa, na mtoto wa kijijini aliyesimama kando ya barabara akiungoja amekwisha kuelewa nusu ya somo letu bila kufundishwa.

Sasa tuseme namna ya kuzikimbia, maana wengi hudhani ni kuchagua watu kumi wenye mbio na kuwapanga barabarani.

Kwanza, kikosi hakifanywi kwa watu wepesi peke yao. Vipande havilingani. Kipande cha kwanza kina watazamaji wengi na kelele nyingi, nacho chataka mtu asiyebabaika. Cha mwisho chataka mtu anayeweza kukimbia huku akitazamwa na mji mzima. Lakini vile vya katikati, kama baina ya Kigombe na Tongoni, havina mtu. Kuna barabara, kuna mkonge, kuna mbuzi. Hapo mkimbiaji mwepesi anayependa kushangiliwa hupungukiwa, na yule wa mwendo wa kadiri, aliyezoea kufanya kazi bila kutazamwa, huendelea kama saa. Sisi tumeona mara nyingi kikosi cha watu wa kadiri kikikipita kikosi cha watu hodari baina ya kilometa ya 20 na ya 35, wala hodari wale hawakujua wamepitwa kwa sababu gani.

Pili, hatari kubwa ya mbio hizi ni dakika tatu za kwanza baada ya kupokea. Mtu ameketi kituoni saa nzima, moyo umemwenda mbio, mara aona ukanda waja, na kikosi chake ni cha nne. Akiupokea tu, hutaka kuwafikia wote watatu kabla ya kona ya kwanza. Kwa kilometa moja huonekana shujaa. Kilometa mbili za mwisho hulipa deni lake kwa riba. Twawafundisha wanachuo wetu kwamba anayepokea akiwa nyuma hakupewa deni la kulipa yeye peke yake. Amepewa kilometa 5 tu, azikimbie kama angezikimbia akiwa mbele.

Tatu, wavulana na wasichana huweza kukaa katika kikosi kimoja, wala halitakiwi jambo hili kujadiliwa tena. Katika mbio za nyika za dunia zilizofanywa Kampala mwezi wa Machi mwaka 2017, zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mbio za kupokezana za mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili, kilometa 2 kila mmoja, na Kenya ikashinda. Likiwafaa mabingwa wa dunia, litawafaa walimu wa kesho.

Tutawasimulia jambo moja lililotupata, maana ndilo hasa lililotuleta hapa jioni hii. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, vikosi vinne vya vyuo na shule vilikutana Pangani ili kukimbia hadi Tanga, kilometa zipatazo 50, vipande 10. Njia hugeuzwa mwaka kwa mwaka, mwaka mmoja toka Tanga na mwaka wa pili toka Pangani. Ilipangwa tuanze saa kumi na mbili asubuhi, lakini gari la kikosi kimoja liliharibika njiani, ikawabidi wote kuwangoja, hata ikawa saa mbili ndipo wakimbiaji wa kwanza wakaondoka.

Kipande cha sita tulimpa kijana wa milima ya Lushoto, aliyekuwa mwepesi kuliko wanachuo wote. Alipokea ukanda karibu na saa nne, kikosi chetu kikiwa cha tatu. Kusi lilikuwa likivuma mgongoni. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalifikiri: upepo uvumao nyuma ya mkimbiaji kwa mwendo ule ule anaokwenda yeye, yeye hausikii kabisa, huwa kama mtu akimbiaye ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mkonge ulikuwa pande zote mbili, wala hapakuwa na kivuli cha kumtosha kuku. Kijana akampita wa kwanza, akampita wa pili, nasi tuliokuwa nyuma katika gari tukafurahi.

Karibu na kilometa ya tatu tuliona miguu yake yaandika barabarani kama mtu aliyelewa. Akaelekea mtaroni kana kwamba ameitwa na mtu huko, akarudi katikati ya njia. Tulimwita kwa jina lake, asiitike. Tulishuka tukakimbia ubavuni pake, tukamwuliza, uko wapi? Akasema yuko Soni, karibu na kwao. Naye hakuacha kukimbia. Ngozi yake ilikuwa ya moto, na vinyweleo vimemsimama kama mwenye baridi. Tulipomshika akaukumbatia ukanda kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, wananingoja."

Tulimsimamisha. Tukamlaza katika kivuli cha gari, tukamwagia madumu mawili ya maji mwili mzima, tukamfunika kanga mbichi na kumpepea, tukirudia kuilowesha kila ilipopata joto. Baada ya nusu saa akajua yuko wapi, na gari likampeleka hospitali, ambako alilala usiku mmoja. Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu mtu aliyezidiwa na joto hivi huwa katika hatari ya kufa, na la kufanya ni moja: apozwe pale pale, kwa maji mengi, upesi, kabla ya kuanza safari ndefu ya kumtafuta daktari. Walio wengi hufanya kinyume. Humpakia garini kwanza, akazidi kuungua njiani.

Kwa sheria za siku ile kikosi chetu kilikuwa kimetoka katika mbio. Katika kituo cha saba alikuwa akingoja binti wa mvuvi wa pwani ile ile, ambaye kwa mbio alikuwa wa mwisho katika kikosi. Alikuwa ameona vikosi vingine vikipita mpaka cha mwisho. Mwalimu mwenzetu alikwenda kwa pikipiki kumpa habari, akamchukulia na ukanda, akamwambia kwamba akitaka aweza kukimbia kwa mazoezi tu. Binti akauliza kwanza hali ya mwenziwe. Alipojibiwa, akautazama ukanda, asiupokee. "Mwalimu," akasema, "ukanda haupandi gari. Tafadhali urudishwe pale ulipoachwa." Kisha akatembea kwa miguu kilometa mbili kurudi nyuma, akauvaa mahali pale pale mchanga ulipokuwa umelowa maji, na akaanza kukimbia. Tuliwaamuru yeye na watatu waliobaki waende polepole, wanywe maji kila kilometa na kutembea kila waonapo haja. Wakafika Tanga karibu na saa saba. Kamba ya mwisho ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na waamuzi walikuwa wakila. Hawakuandikwa popote.

Mtadhani basi kijana wa Lushoto alitushukuru. Alikasirika. Alitujia wiki ile ile akasema zilibaki kilometa mbili tu, na kwamba tumemtia aibu mbele ya wenziwe tisa. Na katika chumba cha walimu wapo waliomwunga mkono. Mmoja alitukumbusha habari za Akhwari katika marathoni ya Mexico mwaka 1968: namna alivyoanguka na kuumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea mpaka mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mtu wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Je, akauliza, na Akhwari naye angalisimamishwa?

Twamheshimu Akhwari kama kila Mtanzania amheshimuvyo, lakini mifano hii miwili haifanani. Aliyeumia goti anajua ameumia. Akili yake iko timamu, naye huweza kupima maumivu yake na kuamua. Aliyezidiwa na joto, kitu cha kwanza kuharibika ndani yake ni kile kile cha kuamulia. Tena kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi kwetu. Akhwari alikuwa akikimbia mbio zake mwenyewe. Angalisimama, asingalimvunjia mtu mwingine kazi ya miezi mitano. Mkimbiaji wa kupokezana hayuko hivyo. Nyuma yake wako watano waliokwisha kujitoa jasho, mbele yake wako wanne waliosimama juani na viatu wamevifunga. Ukanda ule ule umfanyao mvivu akimbie ndio umzuiao mgonjwa asisimame. Kwa hiyo si haki kumwachia yeye neno la kusimama; lazima lishikwe na mtu mwingine.

Na Wajapani wenyewe, walimu wetu katika mchezo huu, jambo hili limewashinda mara nyingi. Sheria yao ni kwamba kocha akimshika mkimbiaji, kikosi kimeacha mbio. Kwa hiyo huonekana kocha akitembea ubavuni mwa kijana ayumbaye, mkono ameunyosha, mkono ameurudisha, na watazamaji wakilia machozi. Mwaka 1996 vyuo viwili vilitoka katika mbio za Hakone kwa namna hiyo, vyote katika kipande cha nne, na kimojawapo kilikuwa ni Yamanashi Gakuin, chuo cha Otwori. Watu huusifu uvumilivu wa vijana wale. Sisi twaona kwamba sheria iliyomfanya kocha asite, hata kwa dakika moja, ni sheria mbaya, na machozi ya watazamaji hayaitengenezi.

Ndipo tukakumbuka habari ya tarishi na barua yake. Tarishi alipougua njiani, barua ilichukuliwa na mwingine, wala hakuna aliyesema barua ile si halali. Tangu mwaka uliofuata vikosi vyetu vimekubaliana hivi. Kila kikosi kina mkimbiaji wa akiba, ambaye husafiri katika gari pamoja na muuguzi. Muuguzi huyo si wa kikosi chochote, naye peke yake ana amri ya kumsimamisha mtu. Akimsimamisha, yule wa akiba huupokea ukanda pale pale, kikosi hutozwa dakika kumi, na mbio huendelea. Dakika kumi ni hasara ya kutosha kuzuia hila, lakini si hasara ya kumfanya kijana aone afadhali afe. Mwaka wa kwanza wa sheria hii watu wawili walisimamishwa. Mmoja wao, tunavyodhani, angeweza kuendelea. Muuguzi alishikilia neno lake, na kikosi kilichotozwa kilinung'unika mpaka jioni. Na wanung'unike. Twapenda muuguzi anayekosea upande huo.

Shule itakayotaka kuanza haihitaji fedha nyingi. Kitambaa kitapatikana, madumu ya maji yatapatikana, na askari wa barabarani wakiarifiwa mapema hawakatai kusimama penye njia panda. Magari ni tatizo kubwa kuliko joto katika barabara ya Muheza, wala hatuwashauri wanafunzi kukimbia huko mpaka ipatikane ruhusa ya kuizuia njia. Barabara ya Pangani ina nafasi zaidi. Saa ya kuanza ni kumi na mbili kamili, na gari lisipofika, vikosi vilivyofika viondoke. Miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti. Wakati wa kaskazi, Desemba hata Machi, tusithubutu.

Limebaki jambo la upepo, ambalo tumeulizwa kwa barua na walimu wawili wa Pangani. Wakimbiaji wote hupenda kuanza Pangani, kwa kuwa kusi huwasukuma na nyakati zao huwa nzuri za kuandikiwa nyumbani. Sisi twapenda kuanzia Tanga, kusi likiwa usoni. Ni kazi zaidi, na kila kipande huongezeka dakika moja au mbili, lakini upepo ule hukausha jasho, na mtu hufika kituoni akijua jina lake na la mwalimu wake. Mwaka huu zamu ni ya kuanzia Tanga. Wanachuo wamekwisha kuanza kulalamika juu ya nyakati zao, nasi tumewaambia waendelee na mazoezi.